Haki ya Aliyefungiwa Mlango

Ramadhani ya mwaka 2020 bado haijatutoka moyoni. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi, tarawehe tukaziswali majumbani, na hata ile sahani ya futari iendayo nyumba ya jirani ikiwa imefunikwa kawa ikaanza kuonewa shaka. Kisha, Jumatano ya tarehe 6 Mei, mwezi ukiwa umekaribia kati, Serikali ikatangaza kwamba Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, hautaingiwa wala hautatokwa kwa siku 15. Masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Muda huo ulipokwisha ukaongezwa hadi mwanzo wa Juni, na Idi ikatukuta lango lingali limefungwa.

Hatuyarudii haya ili kutonesha kidonda. Tunayarudia kwa sababu maradhi ya mlipuko hayajaondoka duniani, na siku lango litakapofungwa tena, iwe ni kwa kipindupindu au kwa homa ambayo bado haijapewa jina, itatupasa tuwe na jibu la swali moja: yule anayeambiwa akae ndani kwa maslahi ya walio nje, anawadai nini hao walio nje?

Jibu tunalolitetea katika makala haya ni kwamba ana deni analowadai, na deni hilo si sadaka bali ni haki. Aliyefungiwa mlango ana haki ya chakula, maji, dawa, habari za kweli na heshima yake. Jamii inayofunga lango bila ya kulipa deni hilo haiwi imetenda dhuluma tu. Inakuwa pia imeyapa maradhi njia ya kuenea.

Funzo la Sargh

Hadithi ya Bwana Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni ilisikika sana mwaka ule, redioni na katika simu zetu. Imepokewa na Bukhari na Muslim, na maana yake ni kwamba tukisikia tauni imeingia katika nchi tusiiendee, na ikizuka katika nchi tuliyomo tusitoke kwa kuikimbia. Lakini aghalabu ilitajwa kama amri ya kufunga tu, kisha ikakatiwa hapo. Tukiitazama pamoja na matukio yaliyoizunguka, tutaona kuwa ina upande wa pili.

Yapata mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alitoka Madina kuelekea Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh, akapokewa na makamanda wa jeshi, akiwemo Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.), wakamwambia kuwa tauni imezuka huko mbele. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, wakakhitalifiana. Akawaita Ansari, nao wakakhitalifiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa kufunguliwa Makka, nao kwa kauli moja wakaona ni bora arudi na watu wake.

Abu Ubayda alimuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamfahamisha kuwa anaitoka kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari yake nyingine, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bondeni penye upande wenye majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, atakuwa amewalisha kwa kadari ya Mungu, lakini kuchagua upande wenye majani ni juu yake. Ndipo akatokea Abdulrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano, akawasimulia hadithi ile aliyoisikia kwa Mtume (s.a.w.). Umar akamshukuru Mola wake, akarejea.

Lango likawa limefungwa, lakini waliobaki ndani hawakuachwa wakae tu wakisubiri kufa. Abu Ubayda alipoandikiwa na Umar aondoke Sham, alikataa kuwaacha askari wake, akabaki nao hadi tauni ilipomchukua. Baada yake akashika uongozi Muadh bin Jabal (r.a.), naye akafariki kwa tauni hiyo hiyo. Kisha Amr bin al-As (r.a.) akawaamuru watu watawanyike milimani wasisongamane, hadi tauni ikapungua.

Katika kipindi hicho hicho Hijaz ilikumbwa na ukame mkali, mwaka uitwao mwaka wa Ramada. Wanahistoria wanasimulia kwamba Umar alijinyima samli na nyama mpaka watu wa kawaida wazipate, akawaandikia magavana wake walete chakula, na akasimamisha adhabu ya wizi kwa sababu ya njaa iliyokuwapo. Wanasimulia pia kuwa msafara wa kwanza wa chakula ulitoka Sham, ukiletwa na huyo huyo Abu Ubayda. Kiongozi aliyelifunga lango ndiye aliyelifungua ghala. Mambo hayo mawili hayatenganiki.

Na tusisahau jibu alilopewa Mama wa Waumini, Bi Aisha (r.a.), alipomuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu tauni. Alimfahamisha kwamba mwenye kubaki katika mji wake wakati wa tauni, akisubiri na kutaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu, huandikiwa ujira mfano wa ujira wa shahidi. Mwenyezi Mungu akiwa amempa daraja hiyo anayekaa ndani kwa subira, sisi twapata wapi ruhusa ya kumfanya kama mfungwa?

Mficha maradhi

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni maneno ya hekima, lakini yanamlaumu mfichaji bila ya kuuliza ni nini kilichomfanya afiche. Mtu huficha maradhi pale ambapo kuyataja kunamletea hasara kubwa kuliko maradhi yenyewe.

Mwaka 2020 hasara hizo zilikuwa wazi. Kafyu ilianza Ijumaa ya tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Jioni ile ile, katika kivuko cha Likoni, umati wa watu waliotoka kazini kisiwani na kungoja feri ili wawahi majumbani walirushiwa vitoa machozi na kupigwa na polisi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Amri ilikuwa moja kwa wote, lakini haikuwa na uzito mmoja. Mwenye gari lake na nyumba kisiwani aliingia ndani saa kumi na mbili bila ya taabu. Kibarua wa Mtongwe alitegemea foleni, feri na matatu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa mikononi mwake. Hata umbali wa mita moja na nusu tulioamrishwa tuuweke haukuwezekana katika msongamano ambao amri yenyewe ndiyo iliyousababisha.

Ikaja karantini. Watu wengi waliowekwa katika vituo walitakiwa walipe gharama za kukaa humo, na wapo waliozuiliwa zaidi ya muda wao kwa kukosa fedha. Wengine walipelekwa vituoni si kwa sababu walikuwa wagonjwa, bali kwa sababu walikamatwa na kafyu, hivyo karantini ikawa adhabu. Baada ya malalamiko kuzidi, mwezi wa Mei Serikali ilitangaza kuwa itazibeba gharama za vituo vyake. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kukaa vifuani. Wapimaji walipoingia Mji wa Kale, wakazi wengi walisita kujitokeza, na viongozi wakawalaumu kwa ukaidi.

Sisi twaona kuwa ukaidi si jina lake. Mchukue mama anayeuza viazi karai mlangoni pake kila jioni, ambaye chakula cha kesho hutoka katika mauzo ya leo. Akipimwa akakutwa na virusi, atachukuliwa. Hajui atarudi lini, hajui atatozwa nini, hajui nani atawalisha wanawe, na anajua fika kwamba hata akirudi salama wateja wataikimbia karai yake. Mama huyu hajakosa ilimu ya afya. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Anayetaka ajitokeze hana budi kuibadilisha hesabu hiyo: amhakikishie chakula cha watoto, matibabu bila ya malipo, siri yake ihifadhiwe, na tarehe ya kurudi kwake ijulikane. Hapo ndipo maradhi yatakapotoka mafichoni.

Mgonjwa si mhalifu

Nchi yetu ina funzo la kimahakama juu ya jambo hili, na laiti lingefahamika katika kila nyumba. Mwezi wa Agosti mwaka 2010, wanaume wawili waliokuwa wakiugua kifua kikuu walikamatwa katika eneo la Kapsabet, Kaunti ya Nandi, kwa sababu walikuwa wameacha kunywa dawa. Mahakama ya hakimu ikaamuru wazuiliwe katika gereza la Kapsabet kwa muda wa miezi 8 ili wamalize matibabu. Walikaa humo siku 46 kabla ya kuachiliwa, katika vyumba vilivyojaa wafungwa wengine.

Tulitafakari kidogo tu, tutaona ajabu yake. Kifua kikuu huenea kwa hewa, hasa palipo na msongamano na dirisha dogo. Kumweka mgonjwa wa kifua kikuu katika chumba cha gereza kilichofurika ni kumnyima tiba inayomfaa, na wakati huo huo ni kuwatia hatarini wafungwa na askari ambao hawakuhukumiwa kuugua. Sheria iliyotumika ni ile ya Afya ya Umma, sheria yenye asili ya mwaka 1921, enzi za ukoloni, ambapo mgonjwa maskini alionekana kwanza kuwa hatari, na baadaye sana kuwa binadamu.

Mwezi wa Machi mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kuwa kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ya kifua kikuu ni kinyume cha Katiba. Wizara ya Afya ikaagizwa iandae sera ya namna ya kuwatenga wagonjwa inayolingana na Katiba. Mahakama haikusema kuwa mgonjwa hawezi kutengwa kamwe. Ilisema kuwa kumtenga kuna mipaka na masharti, na kwamba gereza si hospitali.

Katiba ya mwaka 2010 ina vifungu viwili vinavyostahili kukumbukwa hapa. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu haki ya heshima ya utu wake. Kifungu cha 43 kinampa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, chakula cha kutosha, na maji safi na salama, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Vifungu hivyo havisemi kuwa haki hizo husimama maradhi yakizuka. Wakati wa maradhi ndio wakati wa kuzihitaji.

Kutoka Monrovia hadi makaburini

Haya hayakutukuta sisi peke yetu. Ebola ilipozishambulia Guinea, Sierra Leone na Liberia kuanzia mwaka 2014, na kuua watu zaidi ya 11,000, Serikali ya Liberia iliuzingira kwa askari mtaa wa West Point mjini Monrovia. Ni mtaa wa maskini uliosongamana kwenye ulimi wa ardhi kando ya bahari. Tarehe 20 Agosti 2014 wakazi waliamka wakakuta waya na bunduki. Hawakushauriwa, na chakula hakikutangulizwa. Wakazi waliandamana, askari wakafyatua risasi, na kijana wa miaka 15 akapoteza maisha yake. Siku kumi baadaye mzingiro ukaondolewa. Ebola ilikuja kupungua nchini humo pale viongozi wa mitaa, vijana na wanawake walipohusishwa kuwatafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba na kuwapelekea chakula waliokuwa wakiangaliwa.

Katika janga hilo hilo kuna jambo jingine linalotugusa sisi Waislamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa asilimia 20 au zaidi ya maambukizi yalitokea wakati wa mazishi, kwa kuwa mwili wa aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana. Hapo mwanzo timu za mazishi zilichukua maiti bila ya sala wala jamaa, na familia nyingi zikaanza kuwaficha wafu wao na kuwazika usiku. Kosa lilipofahamika, Shirika hilo liliketi na viongozi wa Kiislamu na wa Kikristo, na mwezi wa Novemba 2014 likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama yenye heshima. Kwa maiti wa Kiislamu, mwongozo ulikubali tayamamu badala ya kuoshwa kwa maji, na sanda nyeupe, na familia kuombwa idhini na kushuhudia kwa mbali.

Sheria yetu haikuvunjwa, kwa maana mafakihi wetu wanajua kuwa dharura ina hukumu zake. Kilichobadilika ni kwamba wenye maiti waliulizwa. Tofauti baina ya maziko yanayofichwa na maziko yanayoripotiwa ilikuwa ni mazungumzo, na mazungumzo hayana gharama ya dawa wala ya mashine.

Maji kabla ya lango

Yapo maradhi ambayo yasingehitaji lango kabisa lau haki ingetangulia. Kipindupindu ni mfano wake. Pwani yetu inakifahamu tangu zamani: mwaka 1869 na 1870 kiliikumba Zanzibar, na daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi huko akaandika kitabu, kilichochapishwa mwaka 1876, akieleza jinsi ugonjwa ulivyofuata njia za misafara ya bara na za majahazi. Na hata hivi karibuni, kuanzia Oktoba 2022, mlipuko wa kipindupindu ulienea katika kaunti nyingi za Kenya, zikiwemo Garissa na Tana River.

Kipindupindu kikitibiwa mapema na vizuri, hufa chini ya mgonjwa mmoja katika mia. Kikiachwa, huweza kuua kwa saa chache. Maana yake ni kwamba karibu kila kifo cha kipindupindu ni kifo cha aliyekosa maji safi, aliyekosa choo, au aliyecheleweshwa kufika zahanati. Mombasa hupata maji yake kutoka mbali, Mzima kule Taita Taveta, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi katika Kaunti ya Kwale, na hayatoshi. Pasipofika mfereji, maji huja kwa mkokoteni katika mitungi, na huuzwa. Hivyo maskini hulipia mtungi wake mmoja zaidi ya anavyolipa mwenye mfereji kwa kiasi hicho hicho cha maji, kisha akaambiwa aoshe mikono kila mara. Agizo ni zuri, lakini ni agizo lenye bei, na bei hiyo haijasemwa.

Ndiyo maana twasema uadilifu katika maradhi hauanzi siku ya mlipuko. Unaanza katika bajeti ya kaunti: ni mtaa gani umetandikiwa bomba, ni shule na madrasa ipi ina vyoo, ni zahanati ipi ina muuguzi usiku. Maradhi yakija hukuta ramani imekwisha chorwa, nayo huifuata.

Ndani ya nyumba

Lango likifungwa, nani huubeba mzigo wa ndani? Wasomaji wetu wengi ni akina mama na wanalijua jibu. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na watoto wote hawakurejea madarasani hadi Januari 2021. Miezi hiyo mama alikuwa mpishi, mwalimu, muuguzi na mlinzi, huku kipato cha nyumba kikiwa kimepungua. Akiugua mmoja, mwenye kumlisha na kumfulia ni mama au binti, na kwa hiyo ndio wa kwanza kuambukizwa. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nne ya usiku aliiogopa barabara kwa sababu ya kafyu. Na mabinti wapo waliotoka shuleni wasirudi tena.

Kuuguza si kazi ndogo katika dini yetu. Hema la Rufaida al-Aslamiyya (r.a.) liliwekwa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina, na majeruhi wakapelekwa humo atibiwe kila mmoja wao. Hakuachwa afanye kazi hiyo kichochoroni. Alipewa mahali pa heshima, katikati ya jamii. Basi si haki leo kamati za maradhi, za mtaa au za msikiti, zikae bila ya mwanamke hata mmoja, ilhali wao ndio wanaojua nani ameugua katika nyumba ipi na nani hajala tangu jana. Umar aliyaita makundi matatu kabla ya kukata shauri. Sisi tukate shauri bila ya kuliuliza kundi linalofanya kazi yenyewe?

Mataifa nayo yana milango

Kinachotendeka mtaani hutendeka pia baina ya mataifa. Mwezi wa Novemba 2021, wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waligundua aina mpya ya virusi vya korona, iliyokuja kuitwa Omicron, na wakautangazia ulimwengu haraka, kama inavyotakiwa. Malipo yao yalikuwa kufungiwa safari za ndege, katika wakati ambapo nchi tajiri zilikuwa zimekwisha chanja watu wao wengi na Waafrika wengi hawajapata hata dozi ya kwanza. Hesabu ya mama wa viazi karai ikawa hesabu ya nchi nzima: msema kweli ameadhibiwa.

Nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mkataba wa majanga ya maradhi tarehe 20 Mei 2025, baada ya miaka mitatu ya mazungumzo. Lakini sehemu iliyo ngumu, ile ya kwamba anayetoa habari na sampuli za virusi agawiwe chanjo na dawa zitakazotokana nazo, ilibakishwa ijadiliwe baadaye. Swali ni lile lile la Mji wa Kale: aliyefunga mlango wake kwa ajili yetu, tunampa nini?

Tufanye nini kabla lango halijafungwa

Hatuwezi kuyaamua ya mataifa, lakini yako mengi yaliyo katika uwezo wetu, nayo hufanywa wakati wa salama.

Kwanza, kila msikiti na uwe na daftari la mtaa wake: wazee wanaoishi peke yao, wajane, wajawazito, wagonjwa wa sukari na pumu, na familia zinazoishi kwa kipato cha siku. Daftari hilo litunzwe kwa amana na watu wachache, wakiwemo wanawake. Siku ya kufungwa, chakula kijue njia.

Pili, sehemu ya sadaka na mapato ya wakfu iwekwe akiba kwa ajili ya waliofungiwa. Apelekewe mtu chakula mlangoni bila ya kupigwa picha. Anayepokea haki yake haonyeshwi watu.

Tatu, kila nyumba ijue kutengeneza maji ya kumwokoa mwenye kuharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Pakiti zilizotayarishwa ni bora zaidi, na si vibaya kuweka mbili tatu kabatini.

Nne, tuwajue wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wetu kwa majina, na tuwape salamu kabla hatujawahitaji. Atakayebisha hodi siku ya maradhi awe ni mtu tunayemfahamu.

Tano, kaunti inapowaita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, twende, na akina mama waende. Tuulize maji yatafika lini, na zahanati itafunguliwa saa ngapi. Kiti kilichoachwa wazi siku hiyo hujibiwa na mlipuko baadaye.

Na la sita ni la ndimi zetu. Mtu akipona, apokewe. Tusimwite kwa jina la ugonjwa wake, tusiwakataze watoto wetu kucheza na wanawe, tusiikimbie karai yake. Mwenye kufichua maradhi yake ametuhifadhi sisi na watoto wetu, na hatuna cha kumlipa kilicho rahisi kuliko salamu.

Kufunga lango kunaweza kuwa Sunna, na huenda tukaamrishwa tena tulifunge. Tutalifunga. Lakini mwenye kulifunga na aulize kwanza ghala liko wapi na ufunguo anao nani.

Ewe Mola wetu, tukinge na maradhi mabaya, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia katika miaka ile na ambao hatukupata kuwasindikiza makaburini, na utujaalie tuwe waadilifu kwa walio ndani na walio nje. Amin.